Barua Ni Nusu ya Kuonana: Wabuddha Waliotawanyika na Kazi ya Kutafutana

Sona Kutikanna alisubiri miaka 3 ili wapatikane watu 10.

Habari yake imo kwenye Vinaya, kitabu cha kanuni za watawa wa Kibuddha. Sona aliishi Avanti, upande wa magharibi ya kati ya India, mbali na bonde la mto Ganges ambako Buddha alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akifundisha. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye nyumba na shughuli zake, akimhudumia mtawa mmoja aliyeitwa Mahakaccana. Siku moja akamwambia kwamba anataka kuacha yote na kuwa mtawa. Mahakaccana akamtahadharisha: ni vigumu kula mlo mmoja kwa siku na kulala peke yako hadi mwisho wa maisha. Sona akaomba tena, na tena. Mwishowe mwalimu akamkubali kama mwanafunzi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kwa kanuni za wakati ule, ili mtu apokelewe utawani kikamilifu walitakiwa watawa 10 wakae pamoja na kukubaliana. Kule Ganges idadi hiyo ungeipata chini ya mwembe mmoja. Avanti watawa walikuwa wa kuhesabu, tena kila mmoja yuko kwake. Mahakaccana, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa mtu mmoja, na mtu mmoja si akidi. Ikamchukua miaka 3 kuokota mmoja huku, mwingine kule, hadi wakatimia 10.

Baadaye Sona alisafiri hadi Savatthi kumwona Buddha, akiwa amebeba maombi ya mwalimu wake. Mahakaccana aliomba nafuu kwa watu wa pembezoni: ardhi ya huku ni ngumu, imekanyagwa na kwato za ng'ombe, tunaomba tuvae viatu vyenye soli nene, watu wa huku huoga mara kwa mara, nasi turuhusiwe, na watawa ni wachache, tunaomba akidi ipungue. Buddha akakubali. Nchi za pembezoni zikaruhusiwa kumpokea mtawa mpya kwa watu 5 tu, mradi mmoja wao awe anazijua kanuni vizuri.

Ninaipenda habari hii kwa sababu haina muujiza wowote. Ni habari ya utawala. Watu wa mbali wamepeleka malalamiko makao makuu na makao makuu yakasikiliza. Ndani yake kuna jambo ambalo limewasumbua Wabuddha tangu siku hizo: njia hii inadai uwe na wenzako, na wenzako mara nyingi hawapo.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu wa Mwanza, ndiye aliyenifanya nianze kufukua mambo haya. Ana kama miaka 4 anafanya taamuli kila alfajiri kwa kufuata vitabu vya Kibuddha. Hajamtangazia mtu wala hajabadili dini kwenye karatasi yoyote. Mkewe anajua, basi. Aliniambia kukaa kimya anaweza peke yake. Kinachomshinda ni kwamba akikwama hana wa kumuuliza. Ukiwa Mkatoliki Mwanza una padri, una jumuiya ndogondogo, una shangazi ambaye atakwambia ukweli hata hujamwomba. Yeye ana simu na bando, na usiku anaongea na watu wa nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Swali lake lilikuwa hili: hao ni wenzake kweli, au anajiliwaza tu?

Mimi si Mbuddha, ni mwandishi wa habari. Swali la aina hiyo nalijibu kwa njia moja tu niliyofundishwa: kutazama waliotangulia walifanya nini.

Kwanza, maandiko yenyewe. Kuna hotuba fupi ambamo Ananda, ndugu wa Buddha na mhudumu wake, anakuja na wazo linaloonekana zuri. Anasema urafiki mwema ni nusu ya maisha ya kiroho. Buddha anamkatalia: usiseme hivyo, Ananda, si nusu, ni yote. Neno la Kipali hapo ni kalyanamitta, rafiki mwema, maana yake mtu ambaye ukiwa karibu naye unakuwa bora kuliko ulivyokuwa.

Sisi Waswahili nasi tuna nusu yetu. Wazee wetu walifungua barua zao kwa kusema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Ukiyaweka maneno hayo kando ya jibu alilopewa Ananda, unaona shida ya rafiki yangu vizuri. Kama urafiki ndiyo njia yote, na barua ni nusu ya kuonana, mtu anayeishi kwa barua amebaki na njia nusu?

Maandiko hayakumwacha bila onyo. Katika hotuba aliyopewa kijana Sigala kuhusu maisha ya nyumbani, wametajwa marafiki wa uongo wa aina 4, na mmoja wao ni yule ambaye kazi yake ni maneno tu: anakukaribisha kwa habari za jana, anakuahidi mambo ya kesho, na leo ukiwa na shida ana udhuru. Sehemu nyingine panashauriwa kwamba asiyempata mwenza wa kumfaa ni bora aende peke yake kuliko kufuatana na mpumbavu. Yaani hutakiwi kuwa peke yako, na vilevile hutakiwi kuokota yeyote. Si mchezo.

Sasa turuke hadi karne ya 19, maana hapo ndipo meli za moshi na posta ya bei nafuu zilipoanza kuwaunganisha watu ambao zamani wasingejuana kamwe.

Agosti 1873, katika mji wa Panadura kwenye pwani ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mtawa Mohottivatte Gunananda alisimama mbele ya maelfu ya watu akajadiliana na wahubiri wa Kikristo kwa siku 2. Kisiwa kilikuwa chini ya Waingereza, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Taarifa ya mjadala ule ilichapishwa kwa Kiingereza, ikavuka bahari, ikamfikia Henry Steel Olcott kule New York. Olcott alikuwa mwanasheria na kanali mstaafu, na aliwahi kuwa mwandishi wa habari. Pamoja na Helena Blavatsky alikuwa ameanzisha Theosophical Society mwaka 1875. Basi akaanza kuandikiana na watawa wa Ceylon ambao hakuwahi kuwaona.

Miaka kadhaa ya barua ikaishia kwenye gati. Mei 1880 Olcott na Blavatsky walifika Galle, na hadharani wakapokea masharti 5 ya Mbuddha wa kawaida: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutolewa. Mwaka uliofuata Olcott alitoa katekisimu ya Kibuddha kwa mtindo wa maswali na majibu, ule ule waliokuwa wakiutumia wamisionari.

Wenzetu hawa hawakudumu kwa amani. Kijana mmoja wa Ceylon, Anagarika Dharmapala, aliyekuwa kama mwana kwa Olcott na Blavatsky, baadaye aliachana nao njia. Alikuja kuona kwamba Mbuddha na mwanatheosofia hawasemi jambo lile lile, hata kama wanatumia maneno yale yale. Nakutajia hili kwa sababu watu wengi wakisema wanatafuta wenye mawazo kama yao, wanadhani kazi inaisha wakishawapata. Kumbe kupatana ni mwanzo tu wa kugundua mnapotofautiana.

Dharmapala mwenyewe ndiye anayenipa mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 1891 alianzisha Maha Bodhi Society, hasa kwa ajili ya kuirudisha Bodh Gaya, mahali Buddha alipoamka, mikononi mwa Wabuddha. Mwaka 1892 chama hicho kikaanza kutoa jarida lililopeleka habari za Wabuddha wa nchi moja kwa wenzao wa nchi nyingine. Mwaka 1893 akaalikwa Chicago, kwenye Bunge la Dini za Dunia. Akiwa njiani kurudi kupitia bahari ya Pasifiki, Oktoba mwaka huo, meli ikatia nanga Honolulu, na mwanamke mmoja aliyeitwa Mary Foster akapanda kumsalimia.

Foster alikuwa mtu wa Hawaii mwenye mali nyingi. Inasimuliwa kwamba alichomuuliza hakikuwa falsafa. Alitaka kujua afanye nini na hasira zake. Mazungumzo yalikuwa mafupi, kwa sababu meli haingoji. Lakini kutoka siku hiyo hadi Foster alipofariki mwaka 1930, wawili hao waliandikiana. Kuonana uso kwa uso walionana mara chache mno. Fedha za Foster zilijenga shule na hospitali Ceylon, na zilisaidia kujenga hekalu la Sarnath, India, lililofunguliwa mwaka 1931, mahali ambapo Buddha alitoa hotuba yake ya kwanza.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Zaidi ya miaka 35 ya urafiki, karibu yote imepita kwenye bahasha. Kama kuna mtu anataka kuniambia kwamba urafiki wa mbali ni wa kujifanya, itabidi anieleze kuhusu Foster na Dharmapala. Lakini ona pia jinsi ulivyoanza: na swali la kweli kuhusu udhaifu wa kweli. Mama yule hakuja kwenye meli kuonyesha alichosoma. Alikuja na hasira zake.

London palikuwa na hadithi nyingine. Allan Bennett, aliyezaliwa huko mwaka 1872, alikuwa kijana maskini mwenye pumu kali. Alisoma The Light of Asia, utenzi wa Edwin Arnold wa mwaka 1879 kuhusu maisha ya Buddha, na kitabu hicho kikamgeuza. Alisafiri hadi Ceylon, kisha Burma, ambako mwaka 1902 alipokelewa utawani kikamilifu kwa jina la Ananda Metteyya. Mwaka 1903, akiwa Rangoon, alianzisha chama na jarida la picha lililoitwa Buddhism. Gharama zilibebwa kwa sehemu kubwa na Waburma, hasa mama mmoja tajiri, Hla Oung, na nakala zikapelekwa bure kwenye maktaba nyingi za Ulaya.

Naomba usiipite haraka sentensi hiyo. Aliyelipa ili Mwingereza mpweke aingie maktaba ya mji wake na kukutana na mawazo haya alikuwa mwanamke wa Rangoon. Tumezoea kusimulia historia hii kana kwamba Wazungu waliugundua Ubuddha kama vile wanavyodaiwa kugundua maziwa yetu. Hapana. Waliandikiwa, na aliyeandika ndiye aliyelipia.

Wakati huohuo, karibu na British Museum, watu wawili, R. J. Jackson na J. R. Pain, walifungua duka dogo la vitabu. Pain alikuwa askari aliyewahi kukaa Burma. Dukani mwao walijaza vitabu vya Kibuddha, na siku za mapumziko walibeba jukwaa la mbao hadi bustani za jiji, wakapanda juu na kuhutubia wapita njia. Mwenye kuvutiwa alijua pa kwenda: dukani. Kutokana na duka hilo, pamoja na wasomi kama T. W. Rhys Davids, mwaka 1907 kiliundwa chama cha Wabuddha wa Uingereza na Ireland, ili kuwe na watu wa kumpokea Ananda Metteyya atakapokuja.

Alikuja Aprili 1908. Sasa watu waliokuwa wamesoma kuhusu watawa kwa miaka wakapata mtawa mzima mlangoni. Kanuni zake zilimkataza kushika fedha, kula baada ya adhuhuri na kulala nyumba moja na wanawake. Mtu asiyeshika fedha atapandaje treni London? Lazima awe na wa kufuatana naye. Atakula nini saa 5 asubuhi? Lazima mtu apike. Wanachama wakajifunza, kwa vitendo, kitu ambacho jarida lisingeweza kuwafundisha: kwamba kanuni hizo zimetungwa makusudi ili mtawa asiweze kuishi bila majirani zake. Alikaa miezi kama 6, akarudi Burma.

Chama kile hakikufika mbali. Vita Kuu ilipokwisha kilikuwa kimebaki jina. Ananda Metteyya mwenyewe alirudi Uingereza kabla ya vita akiwa mgonjwa, akavua utawa, akafariki mwaka 1923 akiwa fukara. Lakini mwaka 1924 mwanasheria kijana, Christmas Humphreys, alikusanya tena kikundi cha kukutana na kusoma pamoja, na kikundi hicho ndicho kilichokuja kuwa Buddhist Society, ambayo iko London hadi leo. Mbegu ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii watu walikutana kila mara, na waliendelea kukutana hata pale msisimko ulipoisha.

Nimeacha kidogo upande wa Ujerumani, nako kuna mtu wa kukumbukwa. Siegmund Feniger alizaliwa Hanau mwaka 1901 katika familia ya Kiyahudi. Alifanya kazi kwenye duka la vitabu, na vitabu vya Kibuddha alijisomea peke yake. Familia ilipohamia Berlin mwaka 1922 akawapata wenzake wa kwanza, na kwao akasikia habari za mtawa wa Kijerumani, Nyanatiloka, aliyeanzisha makao ya watawa kwenye kisiwa kidogo cha Dodanduwa, Ceylon, mwaka 1911. Miaka 2 baadaye familia ikahamia Königsberg, mashariki kabisa, ambako hakumjua mtu. Feniger hakukaa kulia. Alianzisha kikundi cha kusoma. Mwaka 1936, Wanazi wakiwa wameshika nchi, aliondoka kwenda Ceylon, akawa mtawa kwa jina la Nyanaponika. Mama yake alimpata hifadhi kwenye kisiwa hicho mwaka 1939.

Vita vilipoanza, Waingereza waliwakamata kama raia wa nchi adui, hata yeye Myahudi aliyewakimbia Wanazi. Wakapelekwa kambini Dehra Dun, kaskazini ya India, hadi mwaka 1946. Huko, nyuma ya waya, aliendelea kutafsiri maandiko ya Kipali.

Alipokuwa mzee kidogo, tarehe 1 Januari 1958, yeye na wenyeji wawili wa Kandy, A. S. Karunaratna na Richard Abeysekera, walianzisha Buddhist Publication Society. Nia ilikuwa ndogo: kuchapa vijitabu vichache vya Kiingereza na kuvituma nje. Barua za kuomba zaidi zikaja, na vijitabu vikaendelea kutoka. Nyanaponika alikuwa mhariri hadi mwaka 1984. Kijitabu cha namna hiyo kingeweza kutiwa kwenye bahasha ya kawaida, kikafika kwa mwalimu wa shule, baharia au mfungwa, kikawa ndiye mwenza pekee aliye naye kwa miaka.

Nadhani hapa tunakaribia kiini cha mambo. Mtu aliyewahi kukaa Königsberg bila wa kuzungumza naye ndiye aliyejua namna ya kumwandikia mtu aliye peke yake. Hakuandika kwa umati.

Baada ya hapo ikaja kompyuta, na hapa nitapita haraka kwa sababu wengi tunaijua. Mwaka 1991 kule California ulianza mtandao ulioitwa DharmaNet, uliounganisha kompyuta za nyumbani kwa laini za simu. Ujumbe ulirukia kompyuta moja hadi nyingine, hasa usiku ambapo simu zilikuwa nafuu, na jibu lingeweza kuchukua siku kadhaa. Mwaka 1993 John Bullitt akaanzisha Access to Insight, huko Massachusetts, kwanza kama kompyuta moja ya kupigiwa simu kwa modemu, baadaye ikawa hazina kubwa ya tafsiri za maandiko ya Kipali zinazosomwa bure. Watu walishangaa kana kwamba kitu kipya kimezaliwa duniani. Ukitazama kwa karibu, ilikuwa Kandy ile ile bila stempu: mtu mmoja mvumilivu, akitoa bure, akijibu.

Na huku kwetu je? Wengine watashangaa kusikia kwamba Dar es Salaam ina hekalu la Kibuddha lenye historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja Wasinhala kutoka Ceylon kufanya kazi, na mwaka 1915 wakaunda chama chao. Walifanya kile ambacho Wabuddha wa mbali hufanya wanapotaka kubaki: waliomba mche wa mti wa bodhi kutoka kwao, wakaupanda. Mti huo una maana kubwa, kwa sababu Buddha aliamka chini ya mti wa aina hiyo. Hekalu hilo liko Upanga, na wengi wanaopita karibu nalo kila siku kwenda kazini hawajui ni nini.

Lakini hekalu la wahamiaji kwa miaka mingi lilikuwa la wahamiaji. Lilikuwa na lugha yao, chakula chao, misiba yao. Hilo si kosa. Ndivyo watu wanavyojihifadhi ugenini. Kwa Mwafrika aliyevutiwa na njia hii kupitia kitabu, mlango ulikuwepo, ila haukuwa rahisi kujua kama ni wake.

Jirani yetu Uganda ndiko alikotoka mtu aliyeupitia mlango huo kwa njia ndefu. Bhante Buddharakkhita, aliyezaliwa mwaka 1966, alikwenda India kusoma chuo kikuu mwaka 1990, na huko akawa na wanafunzi wenzake wawili waliokuwa watawa kutoka Thailand. Hakuhubiriwa. Alifanya urafiki. Mengine yakafuata: kusoma, kusafiri, taamuli, na mwaka 2002, huko California, akapokelewa utawani na mtawa wa Kiburma, U Silananda. Mwaka 2005 alirudi nyumbani akaanzisha Uganda Buddhist Centre, upande wa Entebbe.

Katika kitabu chake kuhusu Ubuddha Afrika amesimulia jinsi watu walivyomshangaa barabarani kwa vazi lake, na jinsi bakuli lake la kupokelea chakula lilivyodhaniwa kuwa ngoma, au hata bomu. Tunaweza kucheka, naye anasimulia kwa kucheka. Ila hebu jiweke pale. Bakuli la mtawa ni ombi: lina maana pale tu penye mtu anayejua kwamba anatakiwa kutia wali. Ukilishika katikati ya watu wasiojua, umeshika chungu. Sona wa Avanti angemwelewa mara moja.

Kuna na tatizo jingine ambalo Mwafrika Mashariki analo na ambalo bando halitatui: maneno. Rafiki yangu wa Mwanza akiongea na wenzake wa mbali anaongea Kiingereza. Hasira zake, hata hivyo, zinamjia kwa Kiswahili na Kisukuma. Chukua neno la Kipali dukkha, ambalo ndilo msingi wa mafundisho yote. Wengi tunaandika "mateso". Lakini mateso ni ya mfungwa na mgonjwa. Dukkha inahusu pia ile karaha ndogo ya kiti kisichokaa sawa, ya sherehe nzuri inayoisha, ya kupata ulichotaka na kukuta hakitoshi. Labda "adha" iko karibu zaidi. Chukua sati, ile hali ya akili kuwa macho na inachofanya. Mzizi wake ni kukumbuka. Tuseme "uangalifu"? "Kumbukumbu"? Bibi yangu angesema tu "mtu mwenye habari na nafsi yake," na nadhani angewapita wafasiri wengi.

Maneno kama hayo hayatungwi na mtu mmoja kwenye dawati. Rhys Davids alitafuta ya Kiingereza karne ya 19 na mengine yakashika kwa sababu palikuwa na watu wa kuyatumia: dukani, bustanini, jaridani, kwenye vikundi vya kusoma. Maneno ya Kiswahili yatapatikana siku watu wawili au watatu watakapokaa na kubishana kwa Kiswahili.

Basi jibu langu kwa swali la wenzake wa mbali ni hili. Tuna methali kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na ni kweli. Nyoka wa alfajiri, yule uvivu na yule mashaka, utamuua na fimbo iliyo mkononi mwako. Lakini historia hii haionyeshi watu wakiishi kwa fimbo ya mbali. Inaonyesha watu wakiitumia barua, kijitabu na modemu kama njia ya kwenda mahali: Olcott gatini Galle, Feniger kisiwani Dodanduwa, wasomaji wa jarida wakipika chakula cha saa 5 kwa ajili ya mtawa mgonjwa. Na pale ambapo kuonana hakukuwezekana, kama kwa Foster, barua ilidumu kwa sababu ilibeba swali la kweli, na upande wa pili palikuwa na mtu aliyejibu mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo usimpime mwenza kwa umbali. Mpime kwa yale aliyoambiwa Sigala: ukiwa na shida leo, anajibu au ana udhuru? Na wewe ukiulizwa, unajibu? Katika kila kituo cha safari hii nimekuta watu wengi waliokuwa wakitafuta wa kuzungumza nao, na wachache sana waliokubali kuwa wa kuzungumzwa nao. Mama Hla Oung alilipia. Jackson na Pain walifungua duka kila asubuhi. Mzee wa Kandy alihariri kwa miaka zaidi ya 25. Wengine wote tuliowasoma hapa waliwapata wenzao kwa sababu ya hao.

Rafiki yangu nimempa namba ya mtu mmoja wa Bukoba, mwalimu, ambaye naye aliniuliza mambo kama yake. Wamekwisha kuwa wawili. Buddha alishusha akidi hadi 5 kwa ajili ya watu wa pembezoni, wamebaki watatu.